Nguo ya Tatu Ndani ya Pipa

Jumamosi ya kufuliwa nguo za harusi ya Mboni, Sikudhani alichemsha chai ya tangawizi ya kuwatosha hata watu ambao hakuwaalika, akajifunga kanga yake kiunoni chini ya dera, kisha akashuka kwa ngazi. Lifti ilikuwepo na ilikuwa nzima, lakini kwenye lifti utapata habari gani? Kwenye ngazi, kabla hajafika chini, alishajua kwamba kinyozi wa ghorofa ya nne amerudiana na mkewe, kwamba Mama Tausi ametundika mapazia mapya ya kuwatambia majirani, na kwamba wakwe kutoka Kondoa wameshafika.

"Wamekuja wengi?" alimuuliza Mama Tausi, aliyekuwa akishuka naye huku akimalizia kufunga kilemba.

"Magari mawili yamejaa. Na mbuzi."

"Mbuzi naye mkwe. Nyumba ijae, mwenzangu! Nyumba ijae!"

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, na ndani yake alikaa Kungwi, mashine ya kufulia ya jengo zima. Tangu miaka ile mvua ilipoususa mji wa Dodoma, hakuna familia iliyoruhusiwa kuwa na mashine yake. Kila jengo la mtaa wa Nkuhungu lilipewa moja tu, kubwa, yenye pipa la chuma la kumeza mashuka ya ukoo mzima. Maji yake yalikuwa yale yale siku zote: yanatoka kwenye nguo, yanashuka kwenye mchanga chini ya sakafu, yanachujwa, yanarudi yaking'aa kana kwamba hayajawahi kukutana na soksi.

Sikudhani ndiye aliyekuwa mshika pipa. Funguo alizivaa shingoni kama mkufu. Ilikuwa kazi iliyomfaa na kumtesa kwa pamoja. Ilimfaa kwa sababu jengo zima lilipita mbele yake na vikapu na maneno. Ilimtesa kwa sababu ya ulimi.

Ulimi ulikuwa kibati chembamba chini ya pipa, chenye mikwaruzo kama ulimi wa paka, na Sikudhani aliufuta kila asubuhi kwa kitambaa laini. Jiji liliuweka mwaka wa kipindupindu, ili uonje maji ya nguo na kupiga kelele ugonjwa ukianza kabla haujaenea. Baadaye ikajulikana kwamba unaonja na mengine. Jasho la kazi lina ladha yake. Jasho la hofu lina ladha nyingine kabisa, na mtu akiogopa usiku kucha, nguo aliyolalia haifichi. Basi Kungwi alijua nani katika jengo hajapata usingizi na nani ana jambo linalomkaba, ila sheria ilimfunga asiseme. Sikudhani alikaa kando yake kila siku kama mtu aliyewekwa jikoni, chungu kinanukia, mdomo umefungwa kwa leso.

Siku moja tu Kungwi aliruhusiwa kusema, nayo ni siku ya harusi, koo zote mbili zikikubali.

"Karibuni, karibuni jamani! Bi Hadiya, shikamoo."

"Marahaba, Sikudhani. Mbona umenenepa hivyo?" Bi Hadiya, shangazi yake bwana harusi, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, na huko Kondoa hakuna harusi iliyopita bila yeye kuitikia.

"Nimeshiba maneno ya watu."

Chumba kizima kikacheka. Isihaka, bwana harusi, alicheka pia, ingawa alikuwa ameshika mfuko wenye kanzu yake kama mtu aliyeshika yai. Kazi yake ilikuwa kulinda nyavu za ukungu juu ya vilima vya Kondoa, zile zinazonasa maji ya asubuhi na kuyashusha mabondeni kwa mabomba. Mboni alisimama pembeni yake na gauni lake mkononi. Yeye alikuwa fundi wa minara ya upepo, msichana wa kupanda juu kuliko mwewe na kula andazi hukohuko. Sikudhani alimlea tangu mdogo wake, mama yake Mboni, alipofariki, na katika nyumba iliyowahi kulala watu mpaka varandani, sasa walikuwa wamebaki wawili.

Sikudhani alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa ili wote wamwone.

"Wenyewe mnajua, lakini nasema kwa ajili ya mbuzi. Nguo mbili, walizolalia wiki nzima bila kufua. Pipa moja. Zitafuliwa, zitasuuzwa, zitakamuliwa. Pipa likigoma kukamua mara tatu, harusi inasogezwa mpaka msimu wa ukungu upite. Likitulia, Kungwi ataonja maji ya mwisho atusomee. Na mkono wa mtu hauingii humu ndani isipokuwa wangu, nao unaingia kukung'uta nguo tu!"

"Na ukiingiza kitu kingine?" alipaza sauti kijana mmoja wa Kondoa.

"Nikiingiza kingine, funguo hizi mpeni Mama Tausi."

Mama Tausi alinyoosha kiganja palepale, watu wakaangua kicheko.

*

Kanzu na gauni viliingia. Mlango wa kioo ukafungwa. Povu lilipanda, likashuka, maji ya kijivu yakaondoka yakigugumia, na Kungwi akaanza kusuuza, polepole.

"Mbona halina haraka?" Bi Hadiya alisogeza miwani kwenye kioo.

"Kusuuza hakutaki haraka, Bi Hadiya. Sabuni ikishaingia kwenye nyuzi inajifanya mwenyeji. Angalia: pipa linazibeba nguo mpaka juu, linaziachia, zinaanguka majini pwaa! Kila zikianguka, sabuni kidogo inatoka. Maji hayo yanamwagwa, yanakuja mengine. Huitoi sabuni kwa mara moja. Unaipunguza na kuipunguza mpaka inaona aibu kubaki."

"Kama wageni wa arusi," alisema Mama Tausi.

"Wageni wangu hawapunguzwi!"

Kungwi alizungumza. Waliomtengeneza walimpa sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, ya mtu asiyepandisha presha. "Maji ya kusuuza, mkupuo wa mwisho. Sabuni: hakuna. Jasho: la kawaida. Nasubiri kukamua ndipo nisome yaliyo ndani ya nyuzi."

"Umeona?" Mboni alimnong'oneza Isihaka. "La kawaida." Isihaka alitabasamu, akashusha mabega.

Kisha pipa likaanza kukimbia. Hapo ndipo roho za watu hukaa kooni. Pipa likikimbia, nguo hubandikwa ukutani, maji hayana pa kujishikiza, yanachupa nje kupitia vitundu. Lakini lazima nguo zijigawe sawa kuzunguka ukuta. Zikirundikana upande mmoja, pipa linakuwa kama mlevi aliyebeba gunia begani.

*Du. Du. Du-du-du!*

Kungwi alitetemeka mpaka vikombe vya chai vikagongana. Pipa likazima.

"Mara ya kwanza," alisema Kungwi kwa upole. "Uzito umelalia upande mmoja."

"Ni kanzu hiyo," alisema Mama Tausi. "Mmeishona kwa turubai?"

"Na gauni lenu je? Mmeshona kwa pumzi?" alijibu mtu wa Kondoa.

Sikudhani alifungua mlango, akazikung'uta nguo, akafunga. Moyoni aliijua hesabu ile. Pipa la kumeza mashuka ya ukoo limepewa vitambaa viwili, kimoja kizito kimoja chepesi. Pipa lilikimbia tena. Vikombe vikacheza tena. Likazima tena, na safari hii hakuna aliyetania.

"Mara ya pili."

Hapo Sikudhani alihisi kitu kifuani, kitu chepesi, kitamu, kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna kazi. *Likigoma tena, Mboni anabaki. Msimu mzima.* Aliyaona kabisa: sahani mbili mezani, kelele za Mboni kwamba mchuzi hauna chumvi, viatu vyake vya mnarani vimezagaa mlangoni. Alikuwa anafurahi. Pipa la binti yake linagoma naye anafurahi!

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aligeuka kwa wageni kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na kawaida yake haikuwa ndogo.

"Jamani, mmekaa kama mko benki! Pipa linataka vigelegele! Kondoa hamna vifua?"

Kondoa walikuwa na vifua. Vigelegele vilipanda, mtu akagonga beseni, kinyozi wa ghorofa ya nne akaanza kucheza na mkewe, na katika zogo hilo Sikudhani alifungua mlango, akainama, dera lake pana likaziba kila kitu kama pazia. Mkono mmoja ulikung'uta nguo. Mwingine uliingia chini ya dera, ukafungua fundo la kanga kiunoni, ukaivuta, ukaisokomeza ndani, upande ule mwepesi.

Mlango ukafungwa.

Kungwi alinyunyiza maji kidogo, akazipindua nguo mara mbili tatu zilowane na kujipanga, kama afanyavyo baada ya kugoma. Kisha pipa likaanza kukimbia, likakazana, na badala ya kudunda likatoa mvumo mmoja laini, mrefu, wa mtu aliyeshiba anayelala. Vikombe havikutikisika.

"Limetulia!"

Mama Tausi alimkumbatia mtu wa Kondoa asiyemfahamu. Isihaka aliinua mikono juu. Mboni alimrukia Sikudhani shingoni. "Ma'mkubwa! Limetulia!"

"Nimeona, mwanangu, nimeona," alisema Sikudhani, akiwa ameshikilia kiuno kilichobaki bila kanga. Mpango ulikuwa mwepesi: mkono wa kwanza kuingia ndani ni wa mshika pipa. Angeichomoa kanga, ingeingia chini ya dera, basi. Nani angejua?

*

"Maji ya mwisho yamesomwa," alisema Kungwi.

Watu walinyamazishana.

"Sabuni: hakuna. Ugonjwa: hakuna. Furaha haina ladha, kwa hiyo sina la kusema juu yake. Hofu: ipo. Nyingi."

Nje ya mlango mbuzi alisikika akitafuna kitu.

"Ya nani?" Bi Hadiya aliuliza.

"Maji ya kukamua huchanganyika. Siwezi kumtaja mtu."

Hakukuwa na haja ya kumtaja. Macho ya chumba kizima yaliambatana kama inzi mpaka kwa Isihaka. Mboni angeogopa nini, mtu anayekula andazi juu ya mnara? Na Isihaka, maskini, kwa vile ameangaliwa na watu wote hao, alianza kutokwa jasho palepale.

"Isihaka?" alisema Mboni.

"Mimi... sikujua kama ni nyingi kiasi hicho." Alijifuta jasho. "Lakini kama imesemwa, labda ni yangu. Siwezi kukataa kitu kilichoonjwa."

"Unaogopa kunioa?"

"Sijasema hivyo."

"Ulimi umesema." Mboni aliuachia mkono wake.

Minong'ono ilianza nyuma. Nyavu za ukungu zimemlegeza huyo. Kuna mwanamke mwingine, si bure. Mimi nilimwona tangu anaingia. Sikudhani aliyasikia yote, maana masikio yake yalizoea kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza habari hazikuwa na utamu.

Kichwa chake kilikuwa kinafanya hesabu bila ruhusa. Maji ya kusuuza yalikuwa na jasho la kawaida. Kanzu na gauni vilisuuzwa mpaka maji yakawa matupu. Sasa hofu nyingi imetoka wapi? Ndani ya pipa kulikuwa na nguo moja tu ambayo haikufuliwa wala kusuuzwa.

*Mimi? Naogopa nini mimi?* Alitaka kucheka. Yeye ndiye aliyealikwa kwenye misiba ili watu wapate nguvu ya kula. Lakini kanga ile alikuwa amelala nayo wiki nzima, kwenye kochi sebuleni, macho wazi, akisikiliza Mboni akikoroma upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akijaribu kuisikia nyumba bila mkoromo ule. Ilipofika asubuhi alikuwa akiamka na kuimba, ili asijiulize kwa nini kanga imelowa.

Bado alikuwa na njia. Mkono wa kwanza ni wake. Angeficha kanga, funguo zingebaki shingoni, na hofu ingebaki ya Isihaka. Harusi labda ingefungwa hata hivyo; watu husahau. Hapana, hawasahau. Yeye Sikudhani alijua kuliko yeyote kwamba watu hawasahau, kwa sababu yeye ndiye huwakumbusha. Isihaka angekuwa "yule aliyeogopa pipani" mpaka kwa wajukuu zake, na kila siku ambayo angechelewa kurudi kutoka kilimani, Mboni angeionja tena hofu ile mdomoni mwake.

"Nipisheni," alisema.

Alifungua mlango. Hakuinama kuziba. Alisimama kando, watu wote waone, akavuta kanzu, akaiweka begani kwa Bi Hadiya. Akavuta gauni, akampa Mboni. Kisha akavuta kanga yake, ndefu, yenye maua ya korosho ambayo jengo zima lilikuwa likiyajua.

Mama Tausi alishika mdomo. "Haaa! Sikudhani!"

"Ndiyo. Ya kwangu. Nimeiingiza mimi, mlipokuwa mnapiga vigelegele, ili pipa litulie." Aliifunga kiunoni juu ya dera hivyohivyo mbichi, kila mtu aione. "Na hofu hiyo ni yangu. Nguo za watoto zimesuuzwa mkasikia wenyewe, jasho la kawaida. Hii haikusuuzwa. Isihaka baba, umejitwisha mzigo wa watu. Tua."

"Ma'mkubwa," alisema Mboni taratibu. "Wewe unaogopa nini?"

Sikudhani alifungua mdomo kutafuta mzaha. Safari hii aliuacha upite. "Sahani moja," alisema. "Naogopa kuweka mezani sahani moja."

Mboni alimwendea na gauni lililokamuliwa likiwa bado mkononi, akamkumbatia na kanga yake mbichi, na wote wawili wakalowana.

Bi Hadiya alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu. Watu wa Dodoma walishusha macho, wakingoja Kondoa wainuke waende zao na mbuzi wao.

"Kumbe huku mnaingiza kanga," alisema Bi Hadiya.

"Nisamehe, Bi Hadiya."

"Sisi tunaingiza taulo."

"Taulo?"

"Taulo zito, lililofuliwa. Harusi zote. Pipa kubwa, nguo mbili, litatulia vipi? Hata mtoto anajua. Nilikuwa nakaa hapa najiuliza, hawa wenzetu wana siri gani?" Aliivaa tena miwani, akawageukia ndugu zake. "Au nasema uongo?"

"Taulo la bluu," alikiri kijana wa Kondoa. "Tumekuja nalo, liko kwenye gari."

Kicheko kilichotoka hapo kilimtisha mbuzi.

"Lakini sheria ya hapa ni sheria," alisema Mama Tausi, kiganja kimenyooka. Sikudhani alivua funguo shingoni akazitua juu yake bila kubisha. Mama Tausi alizivaa, akajitazama kwenye kioo cha pipa, akajiona amependeza. "Haya. Mimi mshika pipa naamuru taulo liletwe!"

*

Kanzu, gauni na taulo la bluu vililoweshwa, vikapangwa. Kungwi aliuliza kwa upole, "Nikikamua, nisome maji ya mwisho? Ulimi uwe wazi, au ufungwe?"

"Wazi!" alisema Mama Tausi, na nusu ya chumba ikaitikia. "Sasa tutajua ya kweli ya bwana harusi!"

Isihaka alimtazama Mboni. Mboni alimtazama Isihaka, kisha akamgeukia mama yake mkubwa.

"Katika jengo hili hakuna anayependa kujua kama wewe. Sema wewe."

Koo la Sikudhani lilimwasha. Mungu wangu, alivyotaka kujua! Angeyasikia, angepanda nayo ngazi zote, chai ya tangawizi ingenoga mwezi mzima. Alipiga magoti chini ya pipa, akapapasa kile kibati alichokifuta kila asubuhi kwa miaka, na kando yake akakuta kifuniko kidogo ambacho tangu kiwekwe hakuna aliyewahi kukigusa. Kilikuwa kigumu. Akakisukuma mpaka kikalia *ta*.

"Ulimi umefungwa," alisema Kungwi, na labda ni sauti waliyompa, lakini alisikika kama mtu aliyepumzishwa.

"Sikudhani, unaumwa?" aliuliza Mama Tausi.

Pipa likakimbia. Likavuma. Likatulia kwa nguo tatu kama lilivyotulia kwa kanga. Mboni aliegemea kioo karibu na Isihaka, akamsogezea sikio. "Haya," alisema. "Niambie mwenyewe. Unaogopa?"

Isihaka aliinama, akaanza kumwambia kwa sauti ya chini.

Chumba kizima kikawasogelea. Bi Hadiya alisogeza kiti. Kinyozi alisimama kwa ncha za vidole. Na Sikudhani, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliyekuwa chini ya pipa hatua moja tu kutoka kwenye mdomo wa Isihaka, alisikia neno la kwanza likianza kutoka.

Akaupiga ubavu wa Kungwi kwa viganja viwili kama ngoma, akaanza kuimba. Hakuwa na wimbo. Aliimba mapazia mapya ya Mama Tausi, rangi yake, bei yake, na jinsi yalivyokuwa mafupi upande mmoja.

"Nyamaza wewe!" Mama Tausi alimfokea, mkono sikioni. "Nyamaza tusikie!"

Sikudhani alivuta pumzi ndefu, akapandisha sauti.